Mlio wa Tatu

Fundi hakuigusa mara moja. Jirani yangu alifunua taulo juu ya meza ya kazi, bastola ikalala chini ya taa, na mzee yule akakaa akiitazama tu, mikono yake mapajani. Baadaye akavaa glavu nyembamba, akaielekeza mdomo ukutani, akavuta nyundo nusu, akafungua kijilango cha upande wa kulia na kuizungusha silinda taratibu huku akihesabu vyumba. Sita, vyote vitupu. Akahesabu tena. Ndipo alipouliza imetoka wapi.

Ilitoka kwenye kasha la marehemu kaka yake, akajibu jirani yangu, mama mjane wa miaka sabini na kitu. Na kabla ya hapo ilikuwa ya babu yao. Mjukuu wake anataka ing'arishwe iwe kama mpya, iwekwe sebuleni, na siku mojamoja apige nayo risasi. Mama alitaka kujua kazi hiyo itamgharimu kiasi gani, na kama fedha hizo zina maana. Mimi nilikuwa nimempeleka tu kwa gari, maana karakana iko mashambani, mwendo wa karibu saa moja kutoka Hartford, Connecticut, mji ule ule bastola hiyo ilikotengenezwa. Nilidhani jibu litachukua dakika kumi. Lilichukua asubuhi nzima, na sikuchoka kutazama.

Ilikuwa Colt Single Action Army, aina iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Kila risasi lazima uikoki kwanza kwa kidole gumba. Kifyatulio peke yake hakifanyi kitu. Fundi alivaa lenzi jichoni akaanza kuisoma. Alitazama pini ya silinda: inazuiwa na skrubu inayoingia kwa mbele ya fremu, si kitufe cha springi cha ubavuni kilichokuja miaka ya 1890. Alitazama ubavu wa kushoto, akasoma tarehe za hataza, za 1871, 1872 na 1875. Kisha akaigeuza tumbo juu. Namba iligongwa mahali patatu, kwenye fremu, kwenye chuma kinachozunguka kifyatulio na kwenye chuma cha nyuma ya mpini, na mahali pote patatu ilikuwa ile ile. Akaiandika kwenye daftari. Namba hiyo, alisema, inaiweka mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hapo hapo akalijibu takwa la mjukuu la kupiga nayo risasi. Chuma hiki kilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Kiwanda chenyewe hakikuanza kuzidhamini bastola hizi kwa baruti isiyo na moshi mpaka mwaka 1900. Risasi za kisasa zisiingie humu.

Sikutegemea kwamba sehemu ndefu zaidi ya kazi itakuwa ya vidole. Alivua glavu moja, akafunga macho, akapitisha ncha ya kidole kwenye ukingo ambapo ubavu bapa wa fremu unageuka kuelekea mbele. Akarudi. Akapita tena upande wa pili. Kisha akaja kwenye matundu ya skrubu, moja baada ya jingine, akiyazunguka kwa ukucha. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mtu aliyemtangulia. Bastola iliyong'arishwa kwa gurudumu la kitambaa la mashine hubeba alama hiyo milele: gurudumu likifika kwenye tundu hulilamba kingo mpaka linakuwa kama kisahani, likifika kwenye herufi huziburuta upande mmoja, na ukingo uliokuwa mkali kama wa rula hulegea. Hapa kingo zote zilikuwa kali. Jina la kiwanda juu ya mtutu lilikuwa limefifia, lakini kila herufi ilisimama wima mahali pake. Kwa miaka mia moja na arobaini hakuna aliyeihujumu.

Akatuita karibu, akafungua tena kijilango, akamulika ndani kwa tochi ndogo. Nje, fremu yote ilikuwa ya kahawia, kahawia nzito iliyotulia kama ya meza ya mninga iliyopakwa mafuta miaka mingi. Lakini pale nyuma ya kijilango, mahali pasipofikiwa na jasho la mkono wala mvua, kulikuwa na doa lisilozidi ukucha wa mtoto: buluu, zambarau iliyochanganyika nayo, na rangi ya majani makavu pembezoni. Ndivyo fremu nzima ilivyokuwa siku ilipotoka Hartford. Mama aliinama akatazama kwa muda mrefu.

Halafu fundi akaikoki pole pole, sikio lake karibu na silinda. Bastola hii ikiwa nzima hulia mara nne nyundo inaporudi nyuma, na Wamarekani husema inatamka jina lake, herufi nne, C, O, L, T. Mlio wa kwanza ni pengo la usalama, wa pili ni nusu ya mwendo, wa tatu ni komeo dogo la chini likirukia silinda ili kuishika, wa nne ni nyundo ikikaa tayari. Tulisikia mmoja, wa pili, kisha kimya, kisha wa mwisho. Akairudisha nyundo kwa kidole gumba, akarudia. Mlio wa tatu haukuwepo. Akaigusa silinda kwa kidole, ikazunguka yenyewe kama pia. Akasema, "Springi," na sura yake ikachangamka kidogo.

Kuifikia springi hiyo kulihitaji subira na skrubu kuliko niliyokuwa nayo mimi. Fundi ana droo nzima ya ncha za bisibisi, na hata hivyo hakuna iliyokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu ya kwanza. Akachukua iliyokaribia, akaifunga kwenye jiliwa, akaipiga tupa mara tatu, akajaribu, akaipiga mara mbili zaidi, mpaka ncha ikajaa mfereji wote bila kucheza. Akadondosha tone la mafuta ya kupenya, akaenda kuchemsha kahawa. Aliporudi alisukuma chini kwa uzito wa bega, akazungusha kiasi cha mwendo wa dakika moja ya saa. Skrubu ikakubali. Kila moja iliyotoka aliichomeka kwenye ubao uliotobolewa kwa mchoro wa bastola, ili irudi kwenye tundu lake na si la jirani yake. Baba yangu mdogo, fundi saa mjini Tanga, alikuwa na ubao kama huo, na nilipouona nilijua tuko mikononi mwa nani.

Mpini ulikuwa wa mti wa mjozi, kipande kimoja. Ulipotoka, fundi akatuonyesha ndani yake, kwenye mfereji uliofichwa na chuma: namba ile ile, imeandikwa kwa mkono kwa wino, imepauka lakini inasomeka. Kuna mtu aliyeiandika akijua haitaonekana. Baada ya mpini ikatoka springi kubwa ya nyundo, kisha chuma kinachozunguka kifyatulio, na chini yake tukaiona ile iliyotuleta: kibao chembamba cha chuma chenye miguu miwili kama uma. Mguu mmoja ulikuwa umekatika. Alikitoa kipande kile kwa kibano akakiweka kwenye karatasi nyeupe, kidogo kuliko punje ya mchele.

Hapo tu ndipo alipozungumzia bei. Kuikarabati yote, alisema, ni kuondoa hiyo kahawia kwa msasa wa mkono, kujaza mashimo ya kutu, kuzichora upya herufi zitakazopotea, kurudisha rangi za fremu kwa mkaa na buluu ya mtutu kwa moto. Ni miezi ya kazi na zaidi ya dola 4,000. Angeweza kuifanya, na ingependeza. Lakini wakusanyaji hulipia kile ambacho kiwanda chenyewe kilikiacha juu ya chuma, hata kikiwa kimechakaa, kuliko rangi mpya ya fundi yeyote. "Mama, kwa bastola hii," alisema, "ungekuwa unanilipa nikupunguzie mali yako." Alimshauri atume namba ile kiwandani, ambako kwa ada huchambua madaftari ya zamani na kumwandikia mwenye bastola barua ya siku iliyosafirishwa, urefu wa mtutu na rangi iliyotoka nayo. Yeye atatengeneza springi, na atashughulikia madoa matatu ya kutu nyekundu, ile iliyo hai bado, kwa mafuta na kipande cha shaba, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma na haitaikwaruza kahawia iliyo pembeni. Mama alitafakari, akauliza kama doa lile la rangi litabaki. Fundi akasema litabaki.

Nilidhani mtu wa namna hii hupinga kila ukarabati. Lakini kwenye meza ya pili kulikuwa na fremu ya Colt nyingine, ya miaka ile ile, na hiyo alikuwa ameikubali. Alinipa niishike. Mtu fulani zamani aliipitisha kwenye gurudumu: matundu yote visahani, tarehe za hataza nusu zimefutika, na juu yake kutu ilichimba. Kwenye hiyo hakuna cha asili cha kulinda. Mwenyewe anajua hatarudishiwa fedha zake akiiuza, na hana nia ya kuiuza. Fundi alikuwa amejaza matundu, akayapiga tupa, na sasa alikuwa akisugua ubavu kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha chuma bapa, kamwe si kwenye kidole, kwa sababu kidole hufuata bonde na chuma bapa hulikataa. Aliniambia amefikia siku ya tisa ya kusugua.

Tulirudi baada ya wiki mbili. Springi mpya huuzwa kwa dola chache, lakini hii aliitengeneza mwenyewe. Alikata ukanda wa chuma cha springi, akautenganisha miguu kwa msumeno mwembamba wa sonara, akaupiga tupa kwa urefu tu, maana mkwaruzo wa kukingama ndiko mpasuko unakoanzia. Akaupasha mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha kwenye mafuta, akausafisha, akaupasha tena polepole mpaka ukageuka buluu, akauacha. Alipoufunga, komeo lilipanda lakini kwa kishindo. Akautoa, akapunguza mguu mmoja kwa mapito mawili ya jiwe la mafuta, akaurudisha. Mara ya nne hakuutoa tena. Akampa mama bastola, akamwonyesha namna ya kuikoki bila kuiachia. Tukasikia milio yote minne. Kipande kilichovunjika alikuwa amekitia kwenye bahasha ndogo, na juu yake kaandika namba ya bastola.

Fremu ya meza ya pili ilikuwa ndani ya tanuri. Alikuwa ameifungia mabamba mazito ya chuma ili isipinde, akaizika kwenye sanduku lililojaa mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, na tangu alfajiri ilikuwa kwenye joto la nyuzi 700 na zaidi za Selsiasi. Karibu na tanuri kulikuwa na pipa la maji, hewa ikipulizwa kutoka chini kwa mpira. Alitusogeza nyuma. Akalibeba sanduku kwa koleo ndefu mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa uso wa maji, kisha akalipindua kwa pigo moja. Mkaa na chuma viingie pamoja, hewa isitangulie. Maji yalinguruma, yakanyamaza.

Alipoitoa na kuifuta, nilishindwa kusema. Buluu ya bahari ya kina, zambarau, mabaka ya dhahabu iliyopauka, mawingu juu ya mawingu, rangi zile zile tulizoziona kwenye doa la ukucha, sasa ubavu mzima. Mama alishika kinywa. Fundi hakuzitazama rangi. Alikuwa anafungua mabamba, skrubu kwa skrubu. Kisha akachukua pini ya silinda mezani, akaielekeza kwenye tundu la mbele la fremu, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikapita hadi tundu la nyuma bila kugusa ukingo.