Pauni 5,000 Zinapimwaje?

Toyota Highlander ya petroli imeuzwa Marekani kwa ahadi ya kuvuta pauni 5,000, yaani kilo 2,268. Gari hili ndilo lililouzwa Japani kwa jina la Kluger, na Kluger za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimejaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo msomaji analijua umbo lake: si gari dogo, wala si Land Cruiser. Baba au mama wa familia anayetaka trela la kulala ndani, lenye kitanda, jiko na choo, huisoma namba hiyo, hutafuta trela la pauni 4,500, kisha huona amejiachia nafasi ya kutosha. Hesabu yake ina kasoro, na kasoro hiyo haimo kwenye injini.

Tuanze na namba yenyewe. Zamani kila kampuni ilijipangia uwezo wa kuvuta kwa vipimo vyake, na wakati wa mashindano ya kibiashara namba zikawa zinapanda tu. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kanuni iitwayo J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kuifuata, kwa magari yake ya mwaka wa modeli 2011. Jaribio linalojulikana zaidi katika kanuni hiyo hufuata barabara nambari 68 ya Arizona, inayoanzia karibu na Bwawa la Davis kwenye Mto Colorado. Mpando una urefu wa kilomita 18 na ushee, na gari hupanda karibu mita 900. Joto la hewa lisipungue nyuzi 38, kiyoyozi kiwe kimefunguliwa hadi mwisho, na gari linalovuta trela lake lisishuke chini ya maili 40 kwa saa. Taa ya tahadhari isiwake, rejeta isimwage maji. Aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga, Tanzania, mchana wa jua, nyuma ya lori lililosheheni, anaelewa kwa nini wahandisi walichagua mlima na joto badala ya uwanja tambarare. Kuna pia jaribio la kuondoka kwenye mteremko wa asilimia 12, kwenda mbele na kurudi nyuma, mara tano kila upande ndani ya dakika tano.

Ni kanuni nzuri, na naiheshimu. Lakini ndani ya gari linalopimwa wamo watu wawili tu, kila mmoja akikadiriwa uzito wa pauni 150, yaani kilo 68. Hakuna watoto, sanduku la barafu wala baiskeli juu ya paa. Kinachopimwa ni gari karibu tupu.

Sasa fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo yake kuna kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Tuchukue gari la kati ambalo kibandiko chake kinasema kilo 635. Trela la pauni 4,500 ni kilo 2,041. Ili litulie barabarani, sehemu ya uzito huo, asilimia 10 hadi 15, lazima ikandamize kiunganishi kilicho nyuma ya gari. Tukichukua moja ya nane, ni kilo 255. Uzito huo sasa ni mzigo wa gari, sawasawa na magunia yaliyowekwa kwenye buti. Ongeza familia ya watu wanne, kilo 290. Mizigo yao, 80. Kiunganishi na vyuma vyake, 35. Jumla ni kilo 660. Gari limezidiwa kwa kilo 25, ilhali trela bado liko pauni 500 chini ya namba ya tangazo.

Wala kilo hizo 255 hazikai mahali pazuri. Highlander ya petroli ya karibuni ina mita 2.85 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tukikadiria kwamba kiunganishi kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, mzigo unafanya kama gunia lililofungwa mwisho wa keria ya baiskeli: gurudumu la mbele linataka kupanda. Zidisha 255 kwa 1.2, gawanya kwa 2.85, utapata kilo 107 zinazoondoka kwenye matairi ya mbele na kuhamia nyuma. Ekseli ya nyuma inabeba nyongeza ya kilo 362. Matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamepungukiwa mshiko. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, na wapo wanaofurahia wepesi huo!

Dawa yake ipo. Ni kiunganishi chenye vyuma viwili vya springi vinavyokazwa kwa minyororo chini ya shingo ya trela, vikirudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele ya gari na nyingine kwenye magurudumu ya trela. Kinasaidia sana. Ila baadhi ya watengenezaji wanakikataza kwa modeli fulani, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kabla ya kununua. Na kibandiko cha mlangoni hakibadiliki hata ukifunga springi za chuma gani.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kuhamishia mizigo nyuma ya trela ili kiunganishi kipumue. Hilo ndilo kosa linaloua. Katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kikundi cha mhandisi Jos Darling kimechunguza kuyumba kwa matrela. Mzigo ukisogezwa nyuma, mwendo ambao ukifikiwa trela huanza kuyumba bila kutulia hushuka. Chini ya mwendo huo, upepo wa lori linalopita hulisukuma trela kisha likatulia lenyewe. Juu yake, kila myumbo huzaa mkubwa zaidi. Trela likianza kuyumba hivyo, usipambane nalo kwa usukani wala kukanyaga breki ya gari kwa nguvu: shika usukani uwe sawa, achia mafuta, na ikiwa una kidhibiti cha breki za umeme za trela, kibonyeze kwa mkono ili trela lijivute nyuma na kunyooka.

Kidhibiti hicho mara nyingi hakiji na gari la kati kutoka kiwandani. Hununuliwa peke yake na kufungwa baadaye, na mimi ningekitanguliza kabla ya kitu chochote cha mapambo. Ningechagua pia trela dogo zaidi. Airstream Bambi ya futi 16 ina ukomo wa pauni 3,500, kilo 1,588, hata ikijazwa. Moja ya nane yake ni kilo 198. Rudi kwenye familia ileile na mizigo ileile: jumla ni kilo 603, na kibandiko cha 635 bado kinaruhusu. Kabla ya safari ndefu, lipeleke gari na trela, vikiwa vimeshapakiwa kila kitu na familia imeketi, kwenye mizani ya malori kando ya barabara kuu, na usome uzito wa kila ekseli peke yake.