Moto ni ya patroni, baveti ni yangu



Katika mkutano wetu wa mwisho mmoja wetu alitoa wazo: tufanye onyesho la moto. Mamotari walete moto zao zilizopambwa, sisi tukae mezani kama waamuzi, tutoe zawadi kwa ile ya kupendeza kupita zote, kisha tule mishikaki pamoja. Nusu ya watu wakapiga makofi. Nusu nyingine wakacheka: “Moto ya kubeba makala nayo inafanyiwa onyesho?”

Naandika leo kujibu pande zote mbili. Waliocheka wamekosea, kwa sababu ile ni sanaa, na sisi tunaojiita wasomi tunaipita kila siku bila kuisoma. Waliopiga makofi nao wana tatizo, kwa sababu wanataka kuhukumu kitu ambacho bado hawajakiangalia vizuri.

Onyesho lenyewe lipo tayari. Nenda Sake siku ya soko, karibu kilomita 25 kutoka Goma, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea milima ya Masisi. Simama kwenye parkingi ya moto asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi. Utaona TVS na Bajaj zimepangwa, gurudumu la mbele limegeuzwa upande mmoja, kila moja imefutwa matope kwa kitambaa. Hakuna tiketi. Chakula kipo: chini ya shitingi mama mmoja anapakua bugali, maharagi na sombe, pembeni kijana anageuza nyama ya mbuzi juu ya makala, na mwingine anakata fromaji ya Masisi vipande vya kushika mkononi. Motari anakula amesimama, jicho moja kwenye sahani, jingine kwenye moto. Hali mbali nayo, kwa sababu mteja akitokea sahani inabaki.

Nilizunguka pale nikiangalia nyuma ya kila moto. Ninasema nyuma, kwa sababu maandishi yapo huko: kwenye baveti, kile kipande cha plastiki ao cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope. Mmoja akaniuliza:

— Mukubwa, unatafuta moto ao unasoma?

— Ninasoma.

— Basi soma tu, haina makuta.

Nikasoma. “Dunia ni bure.” “Acha waseme.” “Mama usilie.” “Kazi ya Mungu haina makosa.” “Hata mimi.” Hii ya mwisho ilinisimamisha. Hata mimi nini? Hata mimi ni mtu? Hata mimi nitafika? Hata mimi nilisoma? Maneno mawili tu, sentensi haikumalizwa, na anayesoma akiwa nyuma yake barabarani analazimika kuimalizia. Sisi tunaandika memwari ya kurasa mia moja na hatumlazimishi mtu kufikiri hata dakika moja. Wanawake wa pwani ya Mombasa na Zanzibar wamefanya hivi kwa miaka mingi kwenye kanga: maneno machache chini ya kitambaa, na jirani anajua kwamba ni yeye anayeambiwa. Baveti ni ndugu ya kanga. Tofauti ni kwamba kanga inakuja imeandikwa tayari kutoka kiwandani na mvaaji anachagua, lakini baveti motari anaipeleka kwa mwandishi wa mabango na kumwambia: niandikie hivi.

Lakini usiishie kwenye maneno. Angalia vitu. Mipira ya zamani ya magurudumu imekatwa kuwa kamba za kufungia mizigo, na anayejua anaifunga kwa mpangilio, nyeusi juu ya nyekundu, hadi kiti cha nyuma kinafanana na kikapu. Chuma cha kubebea kimeunganishwa na fundi, kirefu kuliko kile cha dukani, kwa sababu dukani hawakuwaza bidoni za maziwa zinazoshuka kutoka malishoni. Kwenye usukani kuna mifuko ya ngozi ya bandia ya kuingiza mikono: ni pambo, na pia ni dawa ya baridi, kwa maana asubuhi ya Masisi si mchezo. Tangi limebaki na karatasi yake ya nailoni ya dukani. Wengine wanaona ni ushamba. Mimi naona ni hesabu: siku moto itakapouzwa, rangi iwe bado mpya.

Ukishuka upande wa Walikale, sanaa inabadilika kwa sababu njia inabadilika. Huku ni msitu na mvua. Moto zinabeba bidoni za mawese, mchele, ndizi, na wafanyabiashara wa Mubi na Njingala. Walikale barabara ina historia yake: pale Kilambo ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami yenyewe kuchukua kasiteriti iliyobebwa mgongoni kutoka Bisie. Fasi ambapo barabara imekwisha kuwa uwanja wa ndege, usishangae moto ikiwa lori. Kwenye matope ya namna ile gadebu ya mbele inainuliwa juu ao inatolewa kabisa, maana matope yakijaa katikati gurudumu halizunguki. Baveti nayo inakatwa fupi. Sasa maandishi yanakwenda wapi? Yanapanda: nyuma ya kiti, kwenye kofia ngumu, mgongoni kwa koti. Ya Masisi unayasoma ukiinama, ya Walikale unayasoma ukisimama, na aliyeamua hivyo ni matope.

Bon, mhakiki asiyetaja makosa ni mpiga debe. Makosa yapo. La kwanza ni kuigana. Stika ni zile zile: Barcelona, Chelsea, simba, moto wa miali. Moto kumi, stika kumi za karatasi moja kutoka duka moja. La pili ni vioo. Niliona moto yenye vioo sita, na hakuna hata kimoja kinachomwonyesha dereva gari la nyuma, vyote vimegeuzwa kuonyesha uso wake. La tatu ni maneno ya kudharau wanawake, na hayo ni mengi kuliko tunavyokubali. Abiria mkubwa wa motari ni mama wa soko. Kumwandikia tusi nyuma ya kiti anacholipia ni uchoyo wa akili. La nne ndilo baya kuliko yote: pambo linalofunika ubovu. Taa za rangi chini ya injini, lakini breki za nyuma zimekwisha. Ukishuka nayo kutoka Masisi-Centre, uzuri huo hautakushika.

Kwa hiyo ile niliyoipenda kuliko zote Sake haikuwa na taa. Ilikuwa nyeusi, mnyororo umepakwa mafuta, mipira imefungwa safi, na baveti imeandikwa kwa mkono ulionyooka: “Deni haliui.” Nilimpongeza mwenyewe. Akanijibu kwa Kiswahili chetu:

— Moto ni ya patroni. Ku baveti njo kwangu.

Hapo nikaelewa nilichokuwa naangalia. Wengi wa vijana wale hawana moto. Wanaendesha ya mtu mwingine, na kila jioni wanampelekea versema, yaani kile kiasi walichopatana, barabara iwe nzuri ao mbaya, bariyeri ziwe mbili ao sita. Petroli juu yao, gurudumu likipasuka mara nyingi juu yao. Kinachobaki chao ni kile kinachoongezwa: mpira, rangi, neno. Hayo mapambo tunayoyaita fujo ni hati ya umiliki wa mtu asiyemiliki.

Sasa linganisheni na maonyesho mengine mawili. Mwaka 1998 makumbusho ya Guggenheim kule New York yaliweka moto 114 ndani ya jengo lao la duara, na mchoraji majengo Frank Gehry akazungushia kuta chuma king'aavu. Watu walijaa. Wahakiki wengine walinung'unika: je, mashine ya kiwanda ni sanaa? Tena mfadhili alikuwa BMW, kampuni inayotengeneza moto, na moto zake zilikuwa ndani. Mimi swali langu ni jingine. Pale moto ilisifiwa kwa jina la aliyeibuni na kiwanda kilichoitoa. Aliyeipanda miaka kumi hakuwa na nafasi kwenye maelezo. Moto ilisafishwa hadi safari ikatoka ndani yake.

La pili liko kwetu. Goma, kwenye ronpwe inayojulikana na wote, kuna sanamu ya tshukudu yenye rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa 2009. Ninaipenda na inanikera. Ninaipenda juu ya kwamba miji mingi inaweka majenerali juu ya farasi, na sisi tukaweka msukumaji wa mizigo. Inanikera juu ya dhahabu. Tshukudu ya kweli ni mbao, msumari na mpira wa gurudumu la zamani, imechongwa na fundi wa hapa hapa, ikashuka na magunia ya viazi na makala. Ukiipaka dhahabu, jasho halionekani tena na bei ya safari haiulizwi. Watu wanapiga picha, wanaandika “Wakongo ni mashujaa”, wanaondoka. Sifa ya namna ile haimgharimu anayeitoa hata faranga moja.

Ninaogopa onyesho letu likawa hivyo: tuwasifu mamotari kwa ushupavu wao, tule mbuzi wao, tuwape cheti chenye muhuri, turudi nyumbani.

Tena tuseme ukweli mwingine. Wengi wetu katika chama hiki tuna mtu wa familia kwenye moto, na baadhi ni sisi wenyewe. Mdogo wangu ana lisansi. Anaendesha kati ya Sake na Masisi. Kwa muda mrefu nyumbani tulikuwa tunawaambia wageni kwamba “anatafuta kazi”, na yeye alikuwa ametoka asubuhi saa kumi na moja, kazini. Nilipotoka Sake na nadharia yangu nzuri ya baveti, nilimwendea nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua kitu. Nikazunguka nyuma ya moto yake kusoma. Kulikuwa na jina la mtoto.

— Huyu ni nani?

— Mutoto ya patroni. Aliandikisha yeye mwenyewe siku alinunua.

— Na wewe ungeandika nini?

Alifikiri kidogo, akafuta kiti kwa mkono wake wa shati.

— Yaya, acha kwanza. Hii baveti si yangu.

Basi nadharia yangu ikapasuka pale pale, na ni vizuri ilipasuka. Si kila motari ana hata kile kipande cha plastiki. Kuna ambao hata neno la nyuma ni la mwingine, na wao wanabeba jina la mtoto wa mtu kupanda na kushuka milima, kila siku. Mhakiki anayesoma maandishi bila kuuliza nani aliyaandikisha atasifu mtu asiyehusika. Mimi ningempa patroni zawadi ya sanaa, na mdogo wangu angepiga makofi.

Kwa hiyo sipingi onyesho. Ninataka lifanyike, na chakula kiwe kizuri: bugali ya moto, sombe yenye mawese ya Walikale, fromaji ya Masisi, na yule mama wa shitingi alipwe bei yake kamili, asiombwe “kuchangia”. Lakini naomba mambo matatu.

Kwanza, mbele ya kila moto tuweke kibao chenye majina matatu: mwenye moto, anayeiendesha, na aliyeandika ao kupaka rangi. Waandishi wa mabango wa Sake na Masisi hawajawahi kutajwa fasi yoyote, na mikono yao tunaijua yote.

Pili, waamuzi wasiwe sisi peke yetu. Nusu wawe mamotari na mama wa soko, maana wao ndio wanaopanda. Na kabla ya kuangalia rangi, mtu apande ile moto, ashuke nayo mteremko, afunge breki. Isiyosimama isipewe alama.

Tatu, zawadi isiwe cheti. Iwe kofia mbili ngumu, ya dereva na ya abiria, na baveti mpya nyeupe isiyoandikwa kitu. Mshindi mwenye patroni apewe baveti hiyo mbele ya patroni wake, na patroni aulizwe pale pale, mbele ya watu, kama atakubali ifungwe.

Mimi nitakuwa pale kusikia jibu. Mdogo wangu nimemwambia aje. Amesema atakuja akimaliza versema.