Redio ya Gari Lile

Filamu nyingi za kusisimua huanza kwa kutuficha jambo. Maiti huonekana, muuaji haonekani, nasi tunavutwa kwa saa mbili tukitafuta jina lake. Touch of Evil, ambayo Orson Welles aliiongoza na ikatolewa mwaka 1958, inafanya kinyume. Picha ya kwanza ni mikono iliyoshika bomu. Vidole vinazungusha saa yake, kadiri ya dakika tatu hivi, na tangu hapo mtazamaji anajua kwamba kuna mtu atakufa na anajua takriban ni lini. Jambo asilolijua ni dogo sana, nalo ndilo linalomtesa: bomu liko wapi sasa hivi?

Nimeitazama sehemu hii mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye shughuli zake. Sababu moja ni kwamba iko katika sura mbili, moja ya mwaka 1958 na nyingine ya mwaka 1998, na kati ya sura hizo mbili picha ni ile ile. Mikono ile ile, gari lile lile, mtaa ule ule. Kilichobadilika ni sauti, pamoja na maandishi yaliyokuwa juu ya picha. Ni nadra mpenzi wa sinema kupata mizani iliyo sawa namna hiyo ya kupimia kazi ya sauti.

Kwanza kamera. Baada ya ile mikono, mtega bomu anasikia kicheko cha mwanamke, anakimbia kando ya ukuta, analitia bomu kwenye buti la gari kubwa lisilo na paa, kisha anatoweka. Mzee mmoja tajiri na msichana wake wanakuja, wanapanda, wanaondoka. Kamera, iliyowekwa juu ya winchi, inapaa hadi juu ya paa la nyumba, inalipoteza gari nyuma ya jengo, inalipata tena upande wa pili, inashuka barabarani na kurudi kinyumenyume mbele yake. Yote haya bila kukata. Picha hiyo moja inachukua dakika tatu na ushei, yaani karibu sawa na muda uliotegwa kwenye saa ya bomu. Ujanja wake ndio huo: kila mkato ungekuwa mlango wa kutorokea, kwa maana mtazamaji angejiambia kwamba pengine dakika kadhaa zimerukwa. Hapa hazikurukwa. Tunazilipa zote.

Kisha kamera inafanya jambo ambalo kwangu ni la kikatili. Inaliacha gari. Wanatokea watu wawili wakitembea kwa miguu, Vargas, ofisa wa Mexico, na mkewe Susan, Mmarekani, maharusi wapya, na kamera inawafuata wao. Gari linasimamishwa na askari wa barabarani, linazuiwa na kundi la mbuzi, linawapita, linapitwa. Mara liko nyuma yao, mara limetoka kabisa kwenye picha. Hitchcock alipenda kueleza kwamba ukiwaonyesha watazamaji bomu chini ya meza, mazungumzo ya kawaida kabisa yatawatoa jasho. Welles anaiondoa hata meza yenyewe. Anatuachia mazungumzo ya wapenzi, na bomu linazurura mtaani.

Kuhusu mwanga nitasema kwa ufupi, maana aliyeona hahitaji kuelezwa. Mpiga picha alikuwa Russell Metty, na mji wa mpakani tunaouona ni Venice, huko California, uliopambwa ufanane na mji wa Mexico. Metty hakujaribu kuumulika mtaa mzima. Kuna madimbwi ya mwanga chini ya taa na milango ya vilabu, na kati ya dimbwi na dimbwi kuna giza halisi, giza la kumezea watu. Kivuli cha mtega bomu kinapokimbia ukutani ni kikubwa kuliko mtu mwenyewe. Maharusi nao wanaingia kwenye mwanga, wanatoka, wanaingia tena, na kila wanapofifia moyo unashtuka kidogo. (Kitu kimoja katika mwanga huo hakijazeeka vizuri: uso wa Charlton Heston, Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi ili awe Vargas. Taa kali za kituo cha mpakani hazimsaidii hata kidogo.)

Sasa sauti. Katika sura ya mwaka 1958, kampuni ya Universal iliweka juu ya sehemu hii muziki wa Henry Mancini, ngoma za bongo na vyombo vya kupuliza, na juu ya picha ikapitisha majina ya waigizaji na watengenezaji. Muziki wenyewe ni mzuri. Nathubutu kusema ni mzuri mno. Ngoma zinapiga kama saa, nazo zinatuambia tangu mwanzo hadi mwisho: ogopa. Tunatii. Lakini kuogopa kwa amri ya bendi si sawa na kuogopa kwa sababu umesikia kitu.

Welles hakutaka hivyo. Alikuwa amekwisha kuondolewa katika uhariri, na Desemba 1957, baada ya kuonyeshwa jinsi studio ilivyoikata filamu yake, alimwandikia mkuu wa studio, Edward Muhl, waraka wa kurasa 58. Ni waraka wa mtu aliyenyang'anywa mtoto anayeomba walau amchagulie nguo. Kuhusu mwanzo wa filamu, alitaka pasiwe na muziki wa kufunika kila kitu. Alitaka tusikie muziki wa mtaa wenyewe, ukitoka vilabuni kupitia vipaza sauti, kilabu hiki na wimbo wake, kile na wake, kadiri kamera inavyopita. Mengi ya aliyoyaomba hayakutimizwa, na alifariki mwaka 1985. Mwaka 1998 ndipo mhariri Walter Murch, akifanya kazi na mtayarishaji Rick Schmidlin, alipoihariri filamu upya kwa kuufuata waraka huo. Maandishi yaliondolewa juu ya picha, na muziki wa Mancini ukaondoka katika sehemu hiyo. Murch alikuwa mtu wa kazi hiyo hasa: miaka 25 nyuma alishughulikia sauti ya American Graffiti, filamu iliyojaa redio za magari.

Matokeo yake ni nini? Yeyote aliyewahi kupita mtaa wa maduka usiku anajua jinsi muziki unavyokukamata mlangoni, unakusindikiza hatua kumi, kisha unakabidhiwa kwa muziki wa duka la pili. Ndivyo mtaa huu unavyosikika sasa. Katika mchanganyiko huo, lile gari lina redio yake. Linapokaribia, redio inakua. Linapoachwa nyuma, inafifia. Linaporudi, masikio yanalitambua kabla ya macho. Kamera imeliacha gari, lakini sauti haikuliacha. Kwa ghafla lile swali la bomu liko wapi limepata jibu, na jibu hilo linasogea.

Niliwahi kumwonyesha mpwa wangu ile sura ya zamani, kwenye mkanda wa video. Walipofika kwenye mbuzi akaniuliza, "Mjomba, lile gari limekwenda wapi?" Nilimnyamazisha, kama wajomba wafanyavyo. Baada ya miaka kadhaa nilimwonyesha mdogo wake ile ya 1998. Huyu hakuuliza kitu. Aligeuza kichwa pembeni, kuelekea pale redio ilikotokea, ingawa televisheni yangu ina spika moja tu. Jaribio la sebuleni si utafiti, na watoto hao wawili hata kwa chakula hawafanani. Lakini mimi limenitosha.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa jazi, hakubaliani nami. Husema kwamba bila Mancini mtaa ule ni makelele matupu, na kwamba mpigo wa bongo ndio unaoishika picha ile ndefu isisambaratike. Ana hoja. Katika sura mpya kuna sekunde, hasa pale kamera inaposhuka kutoka paani, ambapo sauti zimerundikana na sikio halijui lishike lipi. Hata hivyo, nadhani ndivyo Welles alivyotaka tujisikie: tukitafuta, tusiongozwe. Na kuhusu majina yale yaliyopita juu ya picha, rafiki yangu hana la kuyatetea. Huwezi kulichungulia giza la Metty huku ukisoma nani alishona mavazi.

Mwishoni maharusi na gari wanafika kituo cha mpakani pamoja. Ofisa wa zamu anampongeza Vargas kwa kesi ya ukoo wa Grandi. Msichana ndani ya gari analalamika kwamba anasikia kitu kama saa kichwani mwake, na hakuna anayemsikiliza. Katika sura ya zamani maneno yake yanapita kama kichekesho. Katika sura mpya ni mtu wa kwanza mle ndani ya filamu aliyesikia tulichokuwa tukikisikiliza sisi. Gari linaondoka, redio yake inakwenda nayo, na kamera inabaki kwa maharusi wanaoanza kubusiana. Mlipuko hatuuoni. Tunausikia, wao wanageuka, na hapo tu, kwa mara ya kwanza tangu ile mikono, filamu inakata: gari linawaka moto, na mtaa ule uliokuwa na nyimbo sita kwa wakati mmoja hauna hata wimbo mmoja.