Hongereni, Watu wa Mosta

Ukiingia kanisa la parokia ya Mosta, kisiwani Malta, macho hupanda juu yenyewe. Kuba lenye upana wa takriban mita 37, lililopambwa kwa buluu na dhahabu, limetanda bila nguzo hata moja katikati.

Ujenzi ulianza mwaka 1833 kwa ramani ya Giorgio Grognet de Vassé. Wanakijiji walijitolea nguvu zao kwa miaka karibu 30, wakiinua kuta mpya kulizunguka kanisa la zamani, huku Misa zikiendelea kusomwa ndani yake. Jipya lilipokuwa tayari, la kale likavunjwa.

Tarehe 9 Aprili 1942 bomu lilitoboa kuba na kuanguka sakafuni, waumini zaidi ya 250 wakiwa ndani. Halikulipuka, wala hakufa mtu. Mfano wake umewekwa sakristia, mgeni auone na kushukuru.

Kwa Kimalta kanisa ni *knisja*, na kasisi ni *qassis*. Mswahili hapo hajioni mgeni kabisa.

Hongereni, watu wa Mosta. Haba na haba hujaza kibaba. Ninyi, jiwe kwa jiwe, mmejenga nyumba ya vizazi.