Orijino ni Ipi?

"Ni orijino?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza mkusanyaji, kabla hata hajauliza kama inawaka. Nilikuwa nimekaa nje ya duka la steshenari la mjomba wangu, Msangano, simu sikioni, nikimweleza kijana wa Dar es Salaam habari za kompyuta ya chogo iliyokuwa mezani ndani. Nikamjibu kwa ukweli. Monita ni ileile iliyokuja nayo. Kibodi ni ya tatu. Kipanya hakuna anayekumbuka ni cha ngapi. Kisanduku cha umeme ndani ya sipiyu kilibadilishwa na fundi wa Tunduma baada ya jenereta kukiunguza. Kava la ubavuni limefungwa kwa waya, maana skrubu zilipotea zamani.

Akasikitika kwa adabu. "Hapo thamani inashuka sana, kaka."

Sentensi hiyo nimekaa nayo tangu likizo ile, na ndiyo ninayotaka kuibishia hapa.

Kwanza niseme kwamba sina ugomvi na wakusanyaji. Niliowafahamu ni vijana wachache, wengi wao mafundi au watu waliosomea kompyuta. Wananunua mashine zilizopitwa na wakati, wanazifufua, wanabadilishana: nipe monita, nikupe kibodi na hela kidogo juu. Wanasema wanaitafutia mashine "nyumba mpya", kana kwamba ni paka aliyeachwa na wapangaji. Unaweza kucheka, lakini bila wao anayebaki ni mnunuzi wa vyuma chakavu, naye anapima kwa kilo. Kwake kompyuta ni shaba, bati na waya. Kinachobaki kinatupwa, ikiwemo kioo cha chogo ambacho kina madini ya risasi ndani yake. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mizani ya chuma chakavu na swali la "ni orijino?", nachagua swali. Ninachopinga ni jibu ambalo swali lenyewe limeshalitayarisha.

Jibu hilo lina kwao. Mwaka 1982, Commodore 64 ilipoanza kuuzwa Marekani, ilitoka dukani ikiwa mpya, ndani ya boksi lake, ikaenda moja kwa moja sebuleni au chumbani kwa mtoto. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye mshahara, na anachokitafuta ni siku ile ya kufungua boksi. Ndiyo maana boksi lina bei, na kitabu cha maelekezo kina bei. Ndiyo maana watu hupaka plastiki iliyogeuka njano dawa ya haidrojeni peroksaidi na kuianika juani ili irudie rangi yake ya zamani. Kwa historia yao, vipimo hivyo vina mantiki. Mashine ilianza ikiwa kamili, muda ukaiharibu, mkusanyaji anaurudisha muda nyuma.

Lakini hata huko hadithi hiyo haishiki vizuri. Apple-1, iliyoanza kuuzwa 1976, zilitengenezwa takribani 200 tu. Mwaka 2014 moja ilipigwa mnada New York kwa dola 905,000. Na Apple-1 ilikuwa nini ilipotoka kwa watengenezaji? Ubao wenye vipande vilivyounganishwa. Haikuja na kasha, kibodi, monita wala kisanduku cha umeme. Hivyo vyote mnunuzi alijitafutia na kujifungia mwenyewe. Kwa hiyo moja ya kompyuta ghali kuliko zote mnadani ni mashine ambayo haikuweza kuandika herufi moja mpaka mtu aichokonoe. Waya wa mjomba kwenye kava la ubavuni ungekuwa na heshima kubwa kama angeufunga California.

Sasa turudi kwetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1973 reli ya TAZARA ikafika Tunduma, na mwaka uliofuata, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu zilikuwepo: fedha za kigeni zilikuwa haba, na mitambo ya Hazina ilikuwa imegharimu pesa nyingi kuliko faida iliyoonekana. Siijadili amri yenyewe. Nataka tu tuone iliangukia wapi kwenye kalenda. Apple II ilitoka 1977, IBM PC 1981, Commodore 64 na ZX Spectrum 1982. Kizazi kizima cha kompyuta za nyumbani, kile ambacho wakusanyaji wa dunia wanakiabudu, kilizaliwa na kuzeeka huku mlango wetu ukiwa umefungwa, kisha ukiwa umefunguliwa nusu kwa ajili ya ofisi chache.

Matokeo yake ni kwamba mkusanyaji wa Dar es Salaam anayetaka Commodore anakusanya utoto wa mtu mwingine. Hilo halina ubaya. Watu wanakusanya stempu za nchi wasizozijua. Ila akija Msangano na vipimo vilevile, hatauona ukongwe ulio mbele yake. Kwetu kompyuta nyingi ziliingia vijijini zikiwa mitumba. Ya mjomba ni Pentium 4 yenye Windows XP, na kwenye ubavu bado ina kibandiko cha namba ya mali ya shule moja ya Uingereza. Ilipotua kwenye meza yake ilikuwa tayari imestaafu kwa wengine. Umri wake wa Kitanzania unaanza siku hiyo, na kila kipande kilichobadilishwa tangu hapo ni sehemu ya umri huo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014. Mjomba hakupata taarifa. Aliendelea kuchapa.

Alichapa nini? Hapo ndipo ubishi wangu ulipopata miguu.

Mkusanyaji alikubali kuichukua kwa kubadilishana na laptopu iliyotumika, akaniomba jambo moja: niifomati diski na kuweka Windows upya, "iwe safi kama ilivyotoka kiwandani". Kabla ya kufanya hivyo nikafungua mafaili. Yote, mamia kwa mamia, yalionyesha yameandikwa Januari 2002. Nikacheka, kisha nikaelewa. Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya volti 3, bapa kama sarafu, inayoilinda saa ya mashine umeme unapokatika. Ya mjomba ilikufa zamani. Kila asubuhi alipowasha, kompyuta iliamini ni tarehe 1 Januari 2002, na mjomba alibonyeza kitufe ili iendelee na safari. Miaka yote hiyo mashine imeishi siku moja.

Basi ningejuaje barua ipi ni ya lini? Nikaanza kusoma vichwa vya barua. Za mwanzo zimeandikwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Zinazofuata ni Wilaya ya Momba, Mkoa wa Mbeya. Za mwisho ni Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Songwe ikawa mkoa mwaka 2016. Saa ya mashine ilidanganya, lakini mjomba, kwa kuhariri kichwa cha barua kila serikali ilipochora mpaka upya, alikuwa ameyapanga mafaili kwa namna ambayo saa isingeweza. Ndani yake mlikuwa na mihtasari ya vikao, michango ya misiba, kadi za harusi, mikataba ya kukodi mashamba, barua za kuomba kazi, matangazo ya mkutano wa wazazi. Huu ndio mtaa wetu ulivyojiandika kwa zaidi ya miaka 10, na ombi la "safi kama ilivyotoka kiwandani" lingeufuta kwa dakika 40.

Nilikuwa na hotuba tayari. Nilikuwa nakumbuka pia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwishoni mwa 2004 kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakusanyaji wanahangaika na boksi la Commodore, nikawaza. Ni nani anahangaika na diski zilizobeba kazi ile ya kuifundisha kompyuta lugha yetu? Kwenye mashine ya mjomba haikuwemo, lakini hoja ilisimama: chetu kiko ndani ya diski, nao wanapenda ganda.

Nikamwendea mjomba nikiwa nimevimba kwa hoja. Nikamwambia nitakopi kila kitu kwenye flashi, nikihifadhi chuoni.

"Kila kitu?" akauliza.

"Ndiyo mjomba. Hii ni historia."

"Historia ya nani?" Akaacha kupanga bahasha. "Humo kuna mtu aliomba mkopo akakataliwa. Kuna barua ya mke akimshitaki mumewe kwa mtendaji. Walikuja kwangu kuchapa, mpwa wangu, hawakuja kukuhadithia wewe. Futa zote."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemlaumu mkusanyaji kwa kuthamini mashine bila watu wake, nami nilikuwa karibu kuwachukua watu bila kuwauliza. Yeye alitaka kufuta kwa ajili ya usafi, mjomba kwa ajili ya aibu za wateja wake, nami nilitaka kubakiza kwa ajili ya tasnifu ambayo hata sijaianza. Kati ya sisi watatu, mwenye sababu nzito alikuwa mjomba.

Tulikaa jioni mbili mbele ya chogo. Yeye alisoma, mimi nilibonyeza. Barua za watu zilifutwa. Zilibaki zile ambazo hazina mtu ndani yake: fomu tupu ya michango, kiolezo cha mkataba wa shamba, tangazo la kikao lenye nafasi ya kujaza tarehe, na vichwa vitatu vya barua, Mbozi, Momba ya Mbeya na Momba ya Songwe. Ni kidogo sana. Mwanahistoria angelia. Lakini ni kidogo kilichotolewa na mwenyewe. Kisha, kwa mkono, mjomba aliandika karatasi moja: mashine ilinunuliwa wapi, jenereta iliunguza nini, fundi gani alibadilisha nini, kwa nini kuna waya.

Hilo ndilo ninalowaomba wakusanyaji wetu, na si gharama. Kila mashine inayobadilishwa iende na karatasi yake. Msiurudishe umri wake nyuma kwa peroksaidi na Windows mpya kabla hamjamuuliza aliyeitumia alikuwa akiifanyia nini, na akisema futeni, futeni. Mashine isiyo na karatasi hiyo ni mtumba tu uliopata kabati zuri.

Nilimpigia mkusanyaji, nikamsomea karatasi yote. Alinyamaza kidogo, akasema nisiiguse diski, na waya nisiufungue. Bei haikupanda hata shilingi. Tulilizungushia chogo kipande cha godoro, tukaliingiza kwenye boksi pamoja na sipiyu, tayari kwa basi la Tunduma. Mjomba akachukua kalamu nene, akaandika juu ya boksi jina la mpokeaji, kisha la kwake, kisha Msangano, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi, akaiandika nayo.