Kuisafisha Picha ya Delta bila Kuiongopea

Picha ya delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, ikifika kutoka kwenye setilaiti huwa haina mvuto. Imefubaa. Unyevu wa bahari umetanda kati ya ardhi na lenzi, mawingu yamekaa juu ya vijiji vya Saninga na Mbwera, na mito imefifia rangi hata haijitengi vizuri na misitu. Ukiichungulia kwa ndani huikuti hata hiyo picha, unakuta jedwali la namba. Setilaiti za Landsat huikata ardhi vipande vya mita 30 kwa 30, za Sentinel-2 vya mita 10 kwa 10, na kila kipande, yaani pikseli, hupewa namba ya kiasi cha mwanga kilichorudi angani. Kutoka kwenye jedwali hilo hadi ramani ya mikoko inayotandazwa mezani watu wakaijadili pana safari ndefu ya hatua za hesabu, ambazo mafundi wake wanaziita algoriti. Ni ufundi mzuri mno, na uzuri wake mkubwa ni adabu: kuondoa kisicho delta, na kutoongeza hata tone la kitu ambacho delta haikuwa nacho.

Delta hii ni mtihani mgumu. Ndiyo yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote pa Afrika Mashariki palipo na msitu wa aina hiyo ulioshikana, hekta karibu 50,000, yote ndani ya wilaya ya Kibiti. Kuanzia zamani boriti zake zilipakiwa kwenye majahazi zikapelekwa Uarabuni. Mwaka 1914 Wajerumani waliificha humo manowari yao Königsberg, na Waingereza wakalazimika kuleta ndege ili waione kutoka juu; ilisambaratishwa Julai 1915. Msitu unaoweza kumeza manowari hausomeki kirahisi, na kwa upande wa kaskazini umechanganyika na mashamba ya mpunga yaliyofyekwa katikati ya mikoko. Pikseli moja ya mita 30 inaweza kuwa nusu mkoko, nusu mpunga.

Tuanze na mawingu. Tuseme kipande kimoja cha msitu karibu na Mfisini kimepigwa picha mara tano katika kiangazi, na namba zake ni 12, 14, 13, 90 na 11. Hiyo 90 ni wingu. Ukichukua wastani unapata 28, namba isiyofanana na msitu wala wingu. Lakini ukizipanga namba hizo kwa ukubwa na kuchagua ya katikati, unapata 13, na wingu limetoka lenyewe bila mtu kulinyooshea kidole. Mwanatakwimu wa Marekani John Tukey ndiye aliyeisisitiza sana njia hiyo ya namba ya katikati miaka ya 1970. Leo kompyuta huirudia kwa kila pikseli ya delta nzima, na picha safi ya msimu hupatikana kutokana na picha nyingi chafu. Masika ikipamba moto, mawingu yakawa mengi kuliko anga tupu, njia hiyo hushindwa, kwa sababu namba ya katikati nayo inakuwa wingu. Hapo huja hatua nyingine, kama ile ya Zhe Zhu na Curtis Woodcock wa mwaka 2012, inayolitambua wingu kwa weupe na ubaridi wake, kisha ikatumia pembe ya jua kukadiria kivuli chake kitakuwa kimeangukia wapi. Vyote viwili hutobolewa na kuachwa wazi. Napenda sana uamuzi huo wa kuacha tundu.

Kuna jambo ambalo mvuvi wa Nyamisati analijua kabla ya kompyuta. Setilaiti hizi hupita juu ya pwani yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku zote. Na siku za bamvua, katika pwani hii, saa nne maji huwa yamekupwa; siku za maji mafu mambo ni mengine kabisa. Kupanda na kushuka kwa maji wakati wa bamvua huzidi mita tatu, basi matope yaliyoonekana jana kama nchi kavu wiki ijayo ni bahari. Ile namba ya katikati iliyotuondolea mawingu sasa inachora ukingo wa maji ambao haukuwepo siku yoyote. Kwa miti haina madhara, maana mkoko hauhami. Kwa matope na fungu la mchanga ni uongo, hata kama picha inapendeza. Fundi anayejua kazi huzitenga picha kwa hali ya maji kabla ya kuziunganisha, na hapo kalenda ya mwezi mwandamo inamfaa kuliko programu yoyote.

Landsat 7 ilileta majaribu ya namna yake. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa chake cha kunyoosha mistari ya upigaji picha kiliharibika, na tangu siku hiyo kila picha ilikuja na michirizi mitupu inayokula asilimia 22 hivi ya eneo. Njia zilizobuniwa kuijaza michirizi hiyo huazima pikseli kutoka picha ya tarehe nyingine, zikaulinganisha kwanza mwanga wake ili kiraka kisionekane. Juu ya mikorosho ya Kibiti kiraka hicho kinakaa vizuri. Juu ya mto Simba Uranga, mstari mmoja maji yamejaa, wa pili yamekupwa.

Lakini algoriti ninayoipenda kuliko zote ni ya rada. Setilaiti ya Sentinel-1 hupiga mawimbi chini na kuyapokea yakirudi, hivyo mawingu na giza haviisumbui. Shida ni kwamba mawimbi yakigonga majani, mizizi na matope hurudi yakiwa yamevurugana, mengine yakiongezana na mengine yakifutana, na picha hujaa chengachenga nyeupe na nyeusi hata mahali ambapo msitu ni wa namna moja. Ukichukua wastani wa pikseli jirani, chenga hutulia, lakini kijito chembamba nacho hufutika, na katika delta kijito ndiyo barabara ya watu.

Mwaka 1980 Jong-Sen Lee, mtafiti wa maabara ya Jeshi la Majini la Marekani, alichapisha jibu lake. Weka dirisha dogo juu ya picha, tuseme pikseli saba kwa saba. Pima wastani wa humo ndani, halafu pima namba zimetawanyika kiasi gani. Chenga za rada zina kiwango chao cha mtawanyiko kinachojulikana mapema. Mtawanyiko ulioupata ukiwa ndani ya kiwango hicho, hapo hakuna kitu ila chenga: weka wastani. Ukizidi sana, hapo pana kitu cha kweli, ukingo wa mto au paa la bati: iache pikseli kama ilivyo. Katikati ya hayo mawili, gawanya. Kama wastani ni 40 na pikseli ni 60, katikati ya msitu uliotulia itashuka hadi 40, kwenye ukingo wa mto itabaki karibu na 60, na penye mashaka itakaa 50 hivi. Ni kama seremala anayepapasa ubao kabla ya kupitisha randa, ajue palipo na mkwaruzo na palipo na fundo la mti. Hesabu yenyewe inaenea kwenye mstari mmoja.

Ufundi huu ulipata kazi nzito Aprili 2024, mto Rufiji ulipofurika ukafunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mbingu ilikuwa imefungwa, picha za kawaida zingeonyesha mawingu matupu. Kwenye rada maji yaliyotulia huwa meusi, kwa kuwa mawimbi huteleza juu yake yakaenda zao bila kurudi. Baada ya chenga kusafishwa, njia ya Mjapani Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979 huhesabu pikseli za kila kiwango cha mwanga, ikakuta vilima viwili, cha giza na cha mwanga, na kutafuta namba inayovitenga vizuri kuliko nyingine zote. Upande mmoja maji, upande wa pili nchi kavu. Lakini mpunga uliosimama kichwa nje ya maji hurudisha mawimbi, na mwenye shamba lililozama nusu anaweza kuambiwa na ramani kwamba shamba lake ni kavu. Anayetengeneza ramani ya kugawia chakula cha msaada lazima aiandike kasoro hiyo juu ya ramani yenyewe, kwa herufi zinazosomeka.

Siku hizi zimekuja programu za akili mnemba zinazochukua pikseli ya mita 10 na kuichora upya kama ya mita moja. Matokeo yanavutia macho: kingo kali, matawi ya miti, vijito vidogo vidogo. Mimi nina wasiwasi nayo. Programu imejifunza kutoka misitu ya kwingine jinsi kijito kinavyofanana, kisha ikakichora pale inapodhani kinafaa. Kwa picha ya harusi sina neno. Kwa ramani itakayotumika kuamua huyu amefyeka mikoko na yule hakufyeka, kijito kilichobuniwa ni ushahidi wa uongo dhidi ya mtu mwenye jembe.

Kwa hiyo kazi ikimalizika kwenye kompyuta bado haijaisha. Mikoko hutambulikana kwa sababu matope yake ya maji hunyonya miale ya infraredi ya mawimbi mafupi, ikaonekana yenye giza pale ambapo mikorosho na minazi inang'aa. Lakini aina zake, kama mchu na mkandaa, hufanana sana kwenye namba. Inabidi mtu apande boti, aende kwenye pikseli iliyotiliwa shaka akiwa na kipima mahali mkononi, na mkata boriti wa Salale amwonyeshe kwa kidole: huu mkandaa, ule mchu, na pale nyuma palikuwa mpunga, mwenyewe ameliacha shamba, mikoko inarudi. Majibu hayo huingizwa tena kwenye jedwali, mpaka wa namba husogezwa kidogo, na ramani nzima ya delta huhesabiwa upya.