Kurusha Mshipi Pasipo na Nafasi Nyuma

Anayevua baharini kwa mshipi hutegemea chubwi: uzito wa risasi ndio unaokwenda mbali na kuuburuta mshipi nyuma yake. Kwenye uvuvi wa nzi bandia mambo ni kinyume. Nzi huyo ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo, na hana uzito wa kumfikisha popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Ndiyo maana mishipi hii hupewa namba kufuatana na uzito wa futi 30 za mwanzo. Ya namba 5 hufikia takriban gramu 9. Uzito huo ndio unaoupinda ufito wa kuvulia, na ufito unapojinyoosha ndio unaoupeleka mshipi mbele.

Mrusho wa kawaida, ule wa juu ya kichwa, unadai nafasi nyuma kama ilivyo mbele. Mshipi hutupwa nyuma, husubiriwa mpaka unyooke, ndipo urudishwe. Ncha ya ufito ikipita katika mstari ulionyooka kisha ikasimamishwa ghafla, mshipi hujikunja kitanzi chembamba kinachopenya upepo. Ncha ikichora upinde, kitanzi hupanuka na nguvu hupotea njiani.

Sasa mchukue fundi wa mrusho huo umpeleke kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya, ambako Ewart Grogan alipandikiza samaki aina ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905. Maji yanashuka kwa kasi kati ya mawe makubwa, na sehemu nyingi za kingo zimesongwa na vichaka. Mshipi ukienda nyuma, umenasa. Hapo umbali anaoweza kurusha hauna faida yoyote. Anachohitaji ni mrusho wa kubingirisha.

Mrusho huu huanza mshipi ukiwa umelala juu ya maji mbele ya mvuvi. Anauvuta ufito nyuma polepole, mshipi ukiteleza bila kuchapa maji, mpaka mkono ufike usawa wa sikio na ufito uelemee nje kidogo. Kisha anatulia. Mshipi unaning'inia kutoka kwenye ncha, unajaa nyuma ya bega na kuchora umbo la herufi D, huku kipande cha mbele kikibaki majini. Kipande hicho ndicho siri ya kazi yote: maji yanakishika, na mshiko huo unaupinda ufito badala ya ule uzito ambao ungekuwa unaruka nyuma. Akisukuma mbele, aanze taratibu, aongeze kasi, asimamishe ncha ikiwa bado juu. Wengi huharibu hapo mwisho. Huushusha ufito mpaka karibu na maji wakidhani wanaongeza nguvu, na mshipi huanguka rundo miguuni. Anayetumia mkono wa kulia alenge kushoto kwa mshipi uliolala. Akilenga kulia, mshipi utakatiza juu ya sehemu yake iliyolala na kusokotana.

Hata hivyo, kwa maoni yangu mrusho mzuri ni nusu tu ya kazi, na ni ile nusu iliyo rahisi. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mto unakotoka, akingoja wadudu waletwe na maji. Mdudu halisi huenda kwa kasi ileile ya povu lililo kando yake. Tazama povu: nzi wako akilipita, au akibaki nyuma huku akichora mfuo majini, samaki hamgusi. Chanzo huwa ni mshipi. Nzi ameangukia maji matulivu nyuma ya jiwe, lakini katikati pana mkondo wa kasi ambao unaubeba mshipi, unaufanya tumbo na kumng'oa nzi mahali pake.

Dawa inayojulikana zaidi ni kulirudisha tumbo hilo upande wa juu wa mto: nyanyua ncha, chora nusu duara kwa kiwiko na kifundo cha mkono, weka mshipi chini tena bila kumtikisa nzi. Ifanywe mara tu mshipi unapotua, kabla maji hayajaushika. Mimi naona bora zaidi kufanya hivyo mshipi ukiwa bado angani: baada ya kusimamisha ncha, unyooshe mkono na ufito kuelekea juu ya mto, na mshipi utatua ukiwa tayari umepinda. Na kwenye vidimbwi vya Gura vilivyo nyuma ya mawe, hata hilo mara nyingi halihitajiki. Sogea karibu, inua ufito juu, uning'inize karibu mshipi wote hewani, ili majini abaki nzi na uzi mwembamba wa mwisho tu.

Ukirusha kuelekea juu ya mto, nzi anakurudia, na mkono wa kushoto ndio wenye kazi. Mshipi upite chini ya kidole cha shahada cha mkono ulioshika ufito, na wa kushoto uvute ulegevu kwa kasi ya mkondo. Ukivuta upesi, unamburuta nzi. Ukichelewa, trauti anamdaka na kumtema kabla mshipi haujakaza. Akidaka, nyanyua ncha tu, bila kupiga kwa nguvu. Uzi wa mwisho ni mwembamba, nao hukatika upesi kwenye maji yanayokwenda kasi namna hiyo.